Baiskeli za Bondeni

Sehemu ya Kumi na Moja: Mkono wa Wifi

Tulimwacha Shangazi mbele ya kamati ya usafiri ya jiji, shingo imemkakamaa, hathubutu kugeuka. Mwenyekiti alikuwa ameuliza swali ambalo kila mtu alilichukulia kuwa la kukamilisha ratiba tu: "Kuna anayepinga mkataba wa baiskeli kuongezwa muda?" Na nyuma yake Shangazi, kwenye viti vya watu wake mwenyewe, mkono ulikuwa umeinuka.

Akageuka.

Mkono ulikuwa wa Pacha.

Ndiyo, Pacha huyohuyo! Shoga yake tangu darasa la kwanza, ambaye walikuwa wakisukwa mtindo mmoja na kufunga kamba za viatu rangi moja, mpaka walimu wakawaita mapacha. Shoga aliyekuja kuolewa na mdogo wake, akawa wifi. Mtu ambaye asubuhi ileile, pale mlangoni, alimnyoosha kola ya blauzi na kumwambia, "Nenda shoga. Leo ni siku yetu."

"Shusha mkono," Shangazi alinong'ona, akidhani mwenzake hakusikia vizuri. "Anauliza wanaopinga."

"Nimemsikia," Pacha akajibu. Hakushusha.

Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye tabia ya kupandisha miwani kipajini kila anaposhangaa, akaipandisha.

"Mama, wewe si mmoja wa wenye kampuni?"

"Ndiyo maana napinga, mheshimiwa. Mwenzangu anaendesha baiskeli za jiji kama mtu anayegawa sadaka."

Baiskeli zenyewe, msomaji, ni zile za kijani zinazofungwa kwenye nguzo za vituo kando ya barabara. Unagusa simu, kufuli linaachia, unapanda, unaenda zako, unaiacha kituo kingine. Katikati ya jiji wanazipanda watu wa maofisini wanaokimbia foleni. Bondeni, kwenye mitaa ya chini ng'ambo ya daraja, wanazipanda wafagizi wa hospitali, wauza mboga, na mama wa watoto wanne asiye na namna nyingine ya kufika kazini kabla ya msimamizi wake.

"Vituo vya bondeni vinatukausha damu," Pacha aliendelea. "Kila siku pancha, kila siku mnyororo umekatika. Mjini tunavuna, bondeni tunamwaga. Nimesema mpaka koo limekauka. Yeye ni shangazi wa kila mtu. Mimi nimechoka kuwa pacha wa shangazi wa kila mtu."

Watu wakacheka. Hata mjumbe mmoja aliyekuwa anasinzia akaamka, akacheka bila kujua anacheka nini. Shangazi peke yake ndiye hakucheka.

Mwenyekiti akagonga meza. "Taratibu zenu zinasema wenye kampuni ni watatu, na wawili wakikubali inatosha. Mmoja amekubali, mmoja amekataa. Wa tatu ni nani?"

"Mama yangu mzazi," Shangazi akajibu, na hapo uhai ukamrudia. Mama ndiye aliyetoa kiwanja kilichojengwa karakana ya baiskeli. Mama! Nani wa kumshinda kwa mama aliyemzaa?

"Basi aje mchana huu. Mkataba unakufa leo, na mimi sina dawa ya kufufua."

* * *

Alimkuta Pacha kwenye korido, karibu na ngazi, anakunywa maji taratibu kama mtu aliyetoka kuimba kwaya.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umelipwa na nani?"

Pacha akacheka kidogo. "Unaona? Yaani mimi siwezi kuwaza jambo mpaka nilipwe." Akafunga kizibo cha chupa. "Pale karakana kuna fundi hata mmoja anayejua jina langu?"

"Maswali gani hayo?"

"Hakuna. Wananiita Pacha. Hata benki wananiita Pacha. Pacha wa nani? Wako. Magazeti yakija kukupiga picha, mimi ndiye nimeshika mkoba wako."

Ndani ya maneno yale kulikuwa na ukweli, na ukweli ukitoka kwenye mdomo wa aliyekugeuka hukuchoma kuliko uongo.

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Ukacheka, ukaniagiza soda."

Akakumbuka. Kweli alicheka. Kweli ilikuwa soda.

Akajikaza. Likabaki swali moja, na aliliogopa kuliko yote. "Kitinda anajua?"

Kitinda ndiye mdogo wake, mume wa Pacha, dereva wa lori linalosambaza baiskeli vituoni. Kitindamimba wa nyumba yao. Mtoto ambaye Shangazi, akiwa bado msichana, alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea joto lake.

Pacha alitazama saa yake ya mkononi.

"Wifi, ningekuwa wewe, nisingepoteza muda hapa. Mwenzako ameshafika kwa mama."

Shangazi hakusubiri gari. Alishuka ngazi mbili mbili, akagusa simu kwenye kituo kilicho mbele ya jengo, akapandisha sketi magotini na kukanyaga pedali. Mlinzi wa getini akampigia saluti. Watu wakapisha. Akashuka mteremko wa daraja bila kushika breki, upepo ukimtoa machozi, na akajiambia kwamba ni upepo.

* * *

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya mama yao, injini bado ya moto.

Ndani, Mama alikuwa amekaa na ungo mapajani, anachambua mchele. Na pembeni yake, kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, alikuwa Kitinda, jitu zima lenye ndevu, naye anatoa mawe kwenye mchele kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka sita na ana jambo la kuomba.

"Karibu, dada," akasema bila kunyanyua macho.

"Ondoka kwenye hicho kigoda."

"Mwache," Mama akasema.

Shangazi akabaki wima, jasho likimtiririka. "Tangu lini, Kitinda?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee shere. Unajua tangu lini?"

Kitinda akaokota jiwe, akalitazama, akalitupa. "Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilianza, zikanyesha, zikakatika, mpaka vumbi likarudi barabarani. Na Jumapili zote hizo Kitinda alikuwa anakuja kwake na mkewe, anakula, anasifu chakula, anaomba kuongezewa. Alikuwa anatafuna huku anajua!

"Ulikuwa unakaa mezani kwangu."

"Ungetaka nisije? Ungenishtukia."

Alilisema hivyo hivyo, bila ukali, kama mtu anayeeleza kwa nini gari limechelewa. Na hilo ndilo lililomkata Shangazi maini. Angemtukana lingekuwa jepesi.

"Mama," akapiga magoti mbele ya ungo. "Twende kwenye kamati. Sema neno moja tu: ndiyo. Mkataba ukifa leo, mafundi wote wanarudi mtaani. Na bondeni hapatabaki baiskeli hata ya kumpeleka mgonjwa."

"Hata mimi sitaki ufe," Kitinda akadakia. "Ila, Mama, mimi nitakuwa dereva wa dada yangu mpaka lini? Wanangu wananiuliza, 'Baba, bosi wako ni nani?' Nawaambia, 'Shangazi yenu.' Wanasema, 'Hapana, baba, bosi wa kweli.'"

Mama hakucheka. Alipepeta ungo mara moja, mchele ukaruka na kutua. "Watoto wamekuuliza hivyo?"

"Haki ya Mungu."

Mama akauweka ungo chini.

"Nimewasikia wote," Mama akasema na kusimama, mkono kiunoni. "Mtu asiniambie neno tena. Nitasema hukohuko."

Akaingia chumbani kubadili nguo. Dada na mdogo wake wakabaki wanatazamana, ungo katikati yao, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Walienda na lori. Viti vya mbele ni vitatu. Mama alikaa katikati, mkoba mapajani, mtoto wake mmoja kulia, mwingine kushoto, na njia nzima kilichosikika ni baiskeli ya Shangazi ikigongagonga kule nyuma.

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko asubuhi. Habari mbaya hazihitaji tangazo.

"Mama yetu," Mwenyekiti akasema kwa heshima, "binti yako anataka mkataba uongezwe. Mkwe wako hataki. Wewe unasemaje?"

Mama akakisogelea kipaza sauti, akakipapasa kama anayehofia kitamuuma.

"Mkataba uongezwe."

Shangazi akafumba macho. Nyuma ya ukumbi mafundi wake wakapiga vifijo. Sauti ya fundi mzee, yule wanayemwita Spana, ilisikika kuliko zote.

"Lakini," Mama akasema.

Vifijo vikakatika.

"Lakini binti yangu apumzike. Amekimbia vya kutosha. Mdogo wake naye ni mtu mzima, ana familia. Kitinda ndiye aendeshe. Ameniapia kwamba vituo vya bondeni havitaguswa hata kimoja. Sivyo, baba?"

"Ndivyo, Mama," Kitinda akasema, ameinamisha kichwa kama bwana harusi. "Naapa."

Shangazi alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama kipaza sauti.

Mwenyekiti akapandisha miwani, akamtazama Shangazi. "Mama ameweka sharti. Mama Meneja, ukilikubali, nyinyi ni wawili na tunaongeza mkataba sasa hivi. Ukikataa?"

"Akikataa," Mama akajibu kwa niaba yake, "basi na mimi nakaa upande wa mkwe wangu. Nimechoka na ugomvi."

Watu wote wakamgeukia Shangazi. Aliiona safu ya nyuma, ovaroli za kijani, mikono yenye grisi iliyoganda katikati ya kupiga makofi. Akawafikiria wanawake wa bondeni ambao kesho alfajiri wangefika kituoni na kukuta nguzo tupu. Kisha akajifikiria mwenyewe, na hapo akaona amekuwa wa mwisho kwenye foleni ya mawazo yake mwenyewe, kama kawaida.

"Nakubali," akasema.

Hakuna aliyesikia.

"Sema kwa nguvu, mama, iandikwe," Mwenyekiti akasema.

"Nimesema nakubali!"

Makofi yakalipuka. Wajumbe wakapeana mikono. Mtu mmoja asiyejua kinachoendelea akaja kumpongeza Shangazi kwa ushindi, akamtikisa mkono kwa furaha mpaka akamaliza, na Shangazi akamshukuru.

* * *

Alimfuata Mama kwenye ngazi za nje.

"Kwa nini?"

"Mwanangu..."

"Kwa nini, Mama?"

Mama akashika reli ya ngazi. Aliongea polepole. "Wewe popote nikikuweka utasimama. Mdogo wako akianguka, hainuki. Ungekuwa wewe ndiye mama, ungefanyaje?"

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa na miguu?"

Mama akamshika kiwiko. Shangazi hakuutoa mkono ule, ila hakuupokea.

Pacha akawapita, mkoba begani. Safari hii ulikuwa mkoba wake mwenyewe. Akasimama ngazi moja chini yao.

"Ahsante, wifi. Bila ile 'nakubali' yako tusingefika."

"Si ulikuwa hutaki mkataba?"

"Nani hataki mkataba?" Pacha akashangaa kweli kweli. "Ulidhani niliinua mkono ili mkataba ufe? Mimi nikipinga, Mama ataitwa. Mama akiitwa, atapatanisha. Na Mama akipatanisha, siku zote anayelipa ni wewe. Nimeishi kwenu tangu utoto. Nawajua kuliko mnavyojijua."

Alisema hayo mbele ya Mama, bila kuteremsha sauti. Kisha akateremka ngazi, visigino vikilia.

Mama akageuka kumtazama binti yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikwaa gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Twende karakana," Shangazi akasema. "Nikachukue vitu vyangu."

"Naenda na wewe."

"Si lazima."

"Nimesema naenda."

* * *

Karakana ilikuwa na harufu yake ileile ya mpira na grisi. Baiskeli zilining'inia kwa safu, magurudumu hewani, zinangoja kuvishwa minyororo. Mafundi walikuwa wamerudi kutoka ukumbini, lakini hakuna aliyeshika kazi. Walisimama makundi makundi, na Shangazi alipoingia wakanyamaza.

Spana akaja mbele, kofia mkononi.

"Shangazi, nikuulize, na usinifiche. Umetuuza?"

"Spana! Wewe wa kuniuliza hivyo?"

"Ulisema 'nakubali' mbele ya macho yetu. Na sasa hivi simu imeingia. Bosi mpya ameagiza tupakie mashine ya kung'olea nguzo. Vituo vya bondeni vyote ving'olewe leo hii, kabla jua halijazama. Anakuja na malori."

Aliyetoa sauti alikuwa Mama.

"Nani ameagiza?"

"Kitinda, Mama."

"Kitinda yupi? Kitinda wangu? Ameniapia!"

Spana akatazama chini. Mzee kama yeye hakutaka kumwona mzee mwenzake akiaibika.

Honi ikalia nje, ndefu, ya mtu mwenye haraka. Lori la kwanza lilikuwa limefika na kuziba njia, la pili nyuma yake. Kitinda alikuwa ameshika usukani, dirisha wazi. Kando yake Pacha anajipaka poda.

Mama akatoka mpaka getini karibu kukimbia. "Baba! Wamekusingizia, sivyo? Waambie si wewe!"

Kitinda akazima injini. Kwa kitambo akaonekana mtoto wa kigoda tena. Akamtazama mkewe. Mkewe akafunga kibweta cha poda, tap.

"Mama, niliapa sitavigusa," akasema. "Sivigusi mimi. Watavigusa mafundi."

"Baba!"

"Na mkataba unasema baiskeli ziwe barabarani. Hausemi barabara zipi. Rudi nyumbani, Mama, umeshamaliza kazi yako. Tutakuja Jumapili."

Mama aliweka mkono kifuani. Yote aliyoyafanya mchana ule, kumvua mmoja ili amvishe mwingine, aliyafanya kwa kiapo kile.

Nyuma yake Shangazi alikuwa ameacha kusikiliza. Kitu ndani yake, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinainama na kuinama, kilikuwa kimefika mwisho wa kuinama. Akawageukia mafundi.

"Sikuwauza. Mimi ndiye niliyeuzwa, na nilisema 'nakubali' kwa sababu ya hivyo vituo. Sasa wanavitaka. Mashine iko humu ndani, nao wako nje. Anayetaka kwenda na bosi mpya atoke sasa hivi, simlaumu, kila mtu ana watoto."

Spana akavaa kofia yake. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia katikati ya karakana. Mwingine akakaa sakafuni. Kisha wengine. Hakuna aliyeelekea mlangoni.

Shangazi akalishika lile geti la chuma na kuanza kulivuta. Lilikuwa zito, magurudumu yake yakilia juu ya reli.

"Dada! Unafanya nini?" Kitinda akaruka kutoka kwenye lori. "Wewe si bosi tena! Nitaita polisi!"

"Waite."

"Kitinda, piga simu," Pacha akaamuru. Kitinda akatoa simu, akaiangusha, akaiokota.

Geti likaendelea kusogea mpaka likasimama. Halikukwama kwa kutu. Mama alikuwa kwenye reli, amesimama palepale, mguu mmoja ndani ya karakana, mguu mmoja nje.

"Mama, njoo huku kwenye gari!" Kitinda akapaza sauti, na sauti ilimpasuka kama ya mtoto. "Mama, njoo!"

Shangazi hakupaza sauti. Alikuwa amechoka, mikono yake yote miwili iko kwenye chuma, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakumsaidia mama yake kujibu.

"Mama," akasema. "Unaingia, au unatoka?"